Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi?

Majuma mawili yaliyopita nilipokea barua kutoka kwa dada mmoja wa Mbarara ambaye ameniomba nisilitaje jina lake, na ombi hilo ninaliheshimu. Mumewe ni mfanyabiashara wa nguo, na kila Ijumaa hupanda kwenda Kabale kwa gari lake aina ya Subaru Impreza WRX, toleo la mwaka 2002, lenye turbo. Tangu mwanzo wa mwaka gari hilo limekuwa likichemka. Maji hupungua kiasi cha lita moja kwa siku mbili au tatu, wala chini ya gari halionekani hata tone. Fundi wa kwanza alizibua rejeta. Fundi wa pili aliitoa themostati akaitupa. Fundi wa tatu alichomoa kijiti cha oili, akakitazama, akasema, "Oili ni safi, gasketi ni nzima," kisha akashauri inunuliwe injini nyingine iliyotumika. Fedha za kununulia injini hiyo zipo, ila ndizo zilizowekwa kwa ajili ya karo ya watoto wawili wa sekondari. Dada yetu anauliza, "Je, kaka, nizitoe?"

Usizitoe bado, dada yangu. Mafundi watatu wamelishika gari hilo, na kwa jinsi ulivyoeleza, hakuna hata mmoja aliyejiuliza maji yanakwenda wapi. Wewe peke yako umeandika, mwishoni kabisa mwa barua kana kwamba ni jambo dogo, kwamba shemeji akirudi kutoka Kabale chupa ya akiba huwa imejaa hadi kufurika, na asubuhi yake rejeta huwa imepungua. Maneno hayo machache yananifaa kuliko kazi yote iliyokwisha kulipiwa, na nitayarudia hapa chini.

Kwanza tulielewe gari lenyewe, kwa maana halifanani na magari mengi ya nyumbani. Impreza ilianza kutengenezwa mwaka 1992, na sifa yake katika nchi zetu ilitokana na mashindano. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiendesha gari hilo, na Richard Burns akalishinda tena nalo mwaka 2000. Vijana wengi waliokuwa wakisimama kando ya barabara miaka ile wakila vumbi ndio wanaolinunua leo, likiwa limekwisha kutumika Japani. Injini yake imelala. Silinda mbili zimelazwa upande wa kulia na mbili upande wa kushoto, kwa hiyo ina silinda hedi mbili na gasketi mbili, wala si moja kama ilivyo katika injini nyingi zilizosimama. Juu ya hayo iko turbo, inayosukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu, na turbo hiyo nayo hupozwa kwa maji yale yale. Kazi yote hiyo hufanywa na takriban lita saba tu za maji. Lita moja ikipotea, hiyo ni sehemu moja ya saba.

Maji hayo hayapozi injini kwa wingi wake tu, bali pia kwa presha. Pwani, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi. Mbarara, iliyo katika mwinuko wa mita 1,400 hivi, huchemka kwa nyuzi 95, na Kabale, karibu na mita 2,000, yapata nyuzi 93. Injini hii ikifanya kazi kwenye mpando hukaribia joto hilo, au hulipita, pasipo kuwa na ubaya wowote. Kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko chenye springi, ambacho kwa kawaida hushikilia presha ya karibu bar 1.1 zaidi ya ile ya hewa ya nje. Kwa presha hiyo maji hayawezi kuchemka mpaka yafike karibu nyuzi 120. Basi kifuniko kilichochoka, ambacho bei yake ni ndogo kupita kiasi ukilinganisha na injini, chaweza peke yake kulichemsha gari zima mlimani huku bondeni likienda salama. Sisi wa nchi za juu tunakihitaji kifuniko kizuri kuliko ndugu zetu wa Mombasa. Magari mengi ya Subaru yenye turbo yana vifuniko viwili, kimoja juu ya rejeta na kingine juu ya tangi dogo lililo juu zaidi karibu na injini. Viwili hivyo havilingani, na nimekwisha kuona vimebadilishana mahali baada ya gari kuoshwa. Kila kimoja kirudi pale pale kilipotoka.

Sasa turudi kwenye chupa ya akiba. Maji yakipata moto huvimba, na yale yanayozidi husukumwa na presha kupitia kifunikoni hadi ndani ya chupa. Gari likipoa, maji hunywea, na kivali kidogo kilicho katikati ya kifuniko hufunguka na kuyavuta yale ya chupani yarudi rejetani. Kwa hiyo katika gari zima chupa hupanda jioni na kushuka asubuhi. Katika gari la shemeji hupanda na kukaa hapo hapo. Sababu zaweza kuwa mbili. Ya kwanza ni nyepesi: kivali cha kifuniko kimekufa, au kale kampira kembamba kaendako chupani kamepasuka au kamelegea, hivyo rejeta ikivuta hupata hewa badala ya maji. Ya pili ni nzito: gasketi ya silinda hedi imeanza kupitisha moshi wa silinda kuingia katika njia za maji. Moshi huo una presha kubwa kuliko ile ya kifuniko, kwa hiyo huyasukuma maji chupani na kukaa mahali pake. Gari likipoa hakuna kinachovutwa, kwa kuwa pengo limejaa moshi.

Kuzitenganisha sababu hizi mbili hakuhitaji gereji. Asubuhi, gari likiwa limepoa kabisa tangu usiku, fungueni kifuniko cha tangi dogo la juu, jazeni maji mpaka ukingoni, na wekeni chupa kwenye kiwango chake. Chora alama ubavuni mwa chupa kwa kalamu ya wino usiofutika. Nunueni vifuniko vipya vya namba sahihi, pamoja na kile kimpira chembamba, ambacho huuzwa kwa mita. Kisha, kabla ya safari yoyote, shemeji awashe injini nawe uushike mpira mkubwa wa juu wa rejeta, ukiangalia vidole na nguo visikaribie feni. Katika dakika mbili za kwanza maji hayajapata moto, kwa hiyo mpira hauna sababu ya kukazana. Ukiwa umekuwa mgumu kama jiwe ilhali bado ni wa baridi, dada yangu, huo si mvuke, ni moshi wa silinda. Halafu tazama chupa. Viputo vya hewa vinavyotoka siku ile ile maji yalipojazwa si kitu, kwa maana hewa iliyonaswa ndani hutafuta njia ya kutokea. Ila viputo vinavyoendelea siku ya tatu na ya nne, na kuongezeka injini inapokanyagwa, hivyo vina asili nyingine, na mara nyingi huja na harufu ya moshi wa petroli.

Ushahidi wa mwisho upo katika kichupa chenye dawa ya rangi ya samawati ambacho mafundi wachache mjini wanacho. Huwekwa juu ya mdomo wa rejeta, hewa ya ndani ikavutwa ipite katika dawa hiyo, na ikiwa ina moshi wa injini ya petroli, dawa hugeuka manjano. Ni kazi ya robo saa. Asiyekuwa nacho asikwambie kwamba amepima gasketi.

Ama kuhusu yule aliyetazama kijiti cha oili, simlaumu sana, kwa kuwa hivyo ndivyo tulivyofundishwa sote katika injini za zamani: oili ikiwa kama chai ya maziwa, gasketi imekwenda. Lakini katika injini hii ya Subaru gasketi mara nyingi hupasukia kati ya silinda na njia ya maji bila kuigusa njia ya oili. Oili hubaki safi mpaka siku injini inapokufa. Basi oili chafu yathibitisha ugonjwa, ila oili safi haithibitishi afya.

Kabla ya kuihukumu gasketi, hata hivyo, yafaa kuhakikisha kwamba hakuna uvujaji wa nje uliojificha. Kutokuona tone sakafuni si hoja. Mipira midogo ya maji ya turbo imepita chini ya mabomba ya hewa, mahali penye moto mkali, na tone linalotoka hapo hukauka kabla ya kufika chini. Tafuteni kwa tochi michirizi iliyokauka, myeupe, ya kijani au ya samawati kufuatana na dawa iliyomo. Rejeta yenyewe ni ya alumini yenye matangi ya plastiki. Plastiki hiyo ikizeeka hugeuka rangi ya kahawia, na hupata ufa mwembamba pale ilipobanwa na alumini, ufa unaofunguka kwa presha tu na kujifunga gari likipoa. Kapeti ya mbele ikiwa na unyevu na kioo kikipata ukungu wenye harufu tamutamu, hita ndiyo inayovuja. Na kuna pampu ya maji, ambayo imefichwa nyuma ya kifuniko cha mkanda wa taimingi na kuzungushwa na mkanda huo huo. Hii msiichezee. Ikikwama, mkanda huruka meno, vali hugongana na pistoni, na hapo ndipo injini ya pili inapohitajika kweli. Anayebadilisha mkanda wa taimingi na kuiacha pampu nzee mahali pake ameweka akiba mahali pasipofaa. Kwa uvujaji wa namna hii ipo pampu ya mkono inayofungwa mahali pa kifuniko na kutia presha gari likiwa limezimwa na kupoa. Sindano yake ikishuka, maji yanatoka mahali fulani, na kwa kuwa hakuna joto la kuyakausha, mtayaona.

Kadhalika saa na mahali gari linapochemkia husema mengi. Linalochemka kwenye msongamano wa Kampala na kupoa likipata barabara wazi huwa halipati upepo, na hapo huangaliwa feni. Impreza ina feni mbili za umeme. Washa kiyoyozi ukiwa umesimama, na zote mbili zinapaswa kuzunguka. Moja ikilala, angalia fyuzi na rilei kabla ya kununua feni. Linalochemka mlimani tu, kama hili la Mbarara, feni haina kosa kubwa. Ama rejeta imeziba ndani au gasketi inasukuma moshi injini inapofanya kazi ngumu. Rejeta ya shemeji imekwisha kuzibuliwa, nayo chupa inafurika. Mwaona mambo yanakoelekea, lakini vifuniko vipya vije kwanza.

Nalazimika kusema neno juu ya themostati, maana desturi ya kuitupa imeenea katika gereji zetu kana kwamba watengenezaji waliiweka kwa makosa. Themostati ya injini hii huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80, na kazi yake ni kuifikisha injini katika joto lake la kazi upesi na kuiweka hapo. Ikiondolewa, injini hukaa baridi muda mrefu, kompyuta ya gari hudhani ni alfajiri wakati wote na kuongeza petroli, na petroli hiyo huteremka katika oili. Gari hula mafuta, nalo lachakaa. Lililo baya zaidi ni kwamba ugonjwa hufichwa. Gasketi iliyoanza kupasuka hupata nafuu ya miezi michache bondeni, mwenye gari akamsifu fundi, na wakati huo silinda hedi yapinda polepole. Rudisheni themostati, na iwe ya asili. Ya asili ina umbo kubwa kuliko nyingi za kuigwa, na tofauti hiyo huonekana kwa macho zikiwekwa pamoja mezani.

Jambo jingine linalowaponyoka wengi ni hewa. Injini iliyolala hunasa hewa kwa urahisi kuliko iliyosimama, na gari laweza kuchemka juma zima baada ya matengenezo mema kwa sababu tu lilijazwa kwa haraka. Egesheni pua ya gari ikielekea mlimani, legezeni skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye rejeta, wekeni hita kwenye moto wote, na mimineni polepole kupitia tangi dogo la juu huku mkiminyaminya mipira. Maji yakitoka kwenye skrubu bila viputo, ifungwe. Kisha injini ingurume taratibu mpaka feni ziwake na kuzima mara mbili. Hita ikitoa upepo wa baridi wakati injini ni ya moto, hewa bado imo.

Kinachomiminwa kiwe nusu maji yaliyosafishwa kama yale ya betri na nusu dawa ya rejeta. Wapo wasemao kwamba katika nchi isiyo na barafu dawa haina faida. Dawa hiyo hupandisha kiwango cha kuchemka, tena huzuia kutu ya alumini, na maji ya bomba au ya kisima huacha chokaa katika vijia vyembamba vya rejeta. Unga wa manjano, ute wa yai, na yale makopo ya kuzibia matundu, vyote nimepata kuviona vikitiwa. Tundu huzibwa kweli, na vijia vya hita na rejeta navyo vikazibwa pamoja nalo.

Kwa kuwa shemeji ataendelea kwenda Kabale Ijumaa kwa Ijumaa mpaka jambo hili liishe, aijue geji yake. Sindano ya joto ya gari hili imetengenezwa isimsumbue dereva. Hukaa katikati kwa muda mrefu joto likibadilika, na inapoanza kupanda kwa haki, hatari imekwisha kuingia. Maji yakiisha kabisa kwenye kihisio, sindano yaweza hata kushuka, dereva akadhani amepona. Kipo kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya dashibodi na kuonyesha joto lenyewe kwa tarakimu, ila auzaye ahakikishe kwamba kinasoma magari ya Japani ya miaka hiyo. Sindano ikipanda, azime kiyoyozi, afungue hita yote hata kama jua linachoma, apunguze mwendo na kutafuta mahali pa kusimama. Ikiendelea kupanda, azime injini hapo hapo. Asifungue kifuniko. Mkono wangu wa kushoto una kovu la miaka mingi kwa sababu nilikuwa na haraka na nilikuwa na kitambaa kizito, nikadhani kitambaa kinatosha. Maji ya nyuzi 115 yakipata mwanya hugeuka mvuke mara moja, wala hayangoji mtu aondoe uso. Angoje saa nzima. Wala asimimine maji ya baridi katika injini iliyokauka na ingali ya moto, kwani silinda hedi hupata ufa.

Tuseme sasa vifuniko vimebadilishwa, mpira bado wakazana asubuhi, na dawa imegeuka manjano. Hata hapo, dada, jibu si lazima liwe injini nyingine. Gasketi hubadilishwa, na zibadilishwe zote mbili, kwa kuwa iliyobaki ina umri ule ule na imepata moto ule ule. Injini mara nyingi huteremshwa kwa kazi hiyo, kwa sababu silinda hedi zimeelekea ubavuni na nafasi ni finyu, kwa hiyo gharama ya mikono ni kubwa kuliko ya vitu. Silinda hedi zipelekwe kwa mwenye mashine zipimwe kwa rula ya chuma. Kupinda kunakozidi takriban 0.05 ya milimita hakuvumiliki, na kunyoosha ni kwa mashine, si kwa msasa uliozungushiwa ubao kama nilivyoona kwa macho yangu. Mkanda, pampu na themostati vibadilishwe wakati huo huo injini ikiwa wazi.

Injini iliyotumika nayo ina mahali pake. Ikiwa hii ya sasa inagonga kwa chini, au silinda zimekwaruzwa, au ilichemka mpaka ikazima yenyewe, sitamshauri mtu aitengeneze. Lakini injini ya kwenye duka la spea ni ya miaka ile ile, historia yake haijulikani, gasketi zake ni nzee, na mkanda wake hauna budi kubadilishwa kabla haijawashwa. Anayeinunua kwa kukimbia gasketi aweza kununua gasketi nyingine mbovu kwa bei ya injini.

Basi juma hili, dada yangu, nunua vifuniko na kile kimpira, uchore alama kwenye chupa, na uishike mipira asubuhi tatu mfululizo wewe mwenyewe, kwa kuwa macho yako yameonyesha ni makini. Andika kila siku chupa imesimama wapi jioni na wapi asubuhi. Shemeji akienda Kabale, achukue lita tano za maji safi na asipakie marobota yote. Nitaingoja barua yako yenye vipimo hivyo, na jibu lake litatoka katika ukurasa huu huu. Karo ya watoto ibaki ilipo mpaka hapo.